Masta silinda ya ukubwa gani kwa Morris Minor iliyowekwa diski mbele?

Mtoni65
Assalaam alaykum wana gereji. Nina Morris Minor 1000 ya 1965, ipo Mtoni, Unguja. Mbele tumetoa drami tukafunga diski na kalipa (vibanio vya pedi) za Toyota, zile za pistoni moja zinazoteleza kwenye pini. Nyuma drami ni zile zile. Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedeli) ndiyo ya asili iliyo chini ya sakafu ya dereva, sakiti moja (njia moja ya mafuta kwa matairi yote), bila ya busta (kisaidizi cha nguvu ya mguu).

Vipimo nilivyochukua kwa vernia ni hivi: pistoni ya kalipa 51.1 mm, wili silinda za nyuma (zinazosukuma shuu, yaani viatu vya breki) inchi 3/4, masta inchi 7/8. Pedeli, kutoka egemeo hadi katikati ya mahali pa mguu ni 275 mm, na kutoka egemeo hadi pini ya pushirodi (fimbo inayosukuma pistoni ya masta) 55 mm. Kutoka kitovu cha diski hadi katikati ya pedi ni 100 mm.

Matatizo ni mawili. Kwanza, pedeli ngumu na gari haisimami kwa nguvu niliyotarajia. Pili, nikitoka Mtoni hadi Mahonda diski za mbele zinapata moto, na gari inakuwa nzito kuisukuma. Nikifungua niplo ya upepo ya kalipa, mafuta yanaruka kidogo, kisha tairi linazunguka huru.

Fundi anasema kalipa kubwa zinataka masta kubwa, ninunue ya inchi 1. Ipo moja Darajani, inauzwa. Niichukue?

FundiKwerekwe
Wa alaykum salaam ndugu Mtoni. Usiichukue. Ya inchi 1 itaifanya pedeli yako iwe ngumu zaidi na gari isimame vibaya zaidi ya sasa. Ahsante kwa vipimo, maana bila ya hivyo watu hubishana kwa maneno tu.

Masta haitoi nguvu kwa ukubwa wake. Nguvu ya mguu inagawanywa kwa eneo la pistoni ya masta, na jibu lake ndiyo presha. Eneo likikua, presha inashuka. Anachokipata mwenye masta kubwa ni ujazo: pedeli inashuka kidogo tu kabla ya kukamata. Kwa hiyo unachagua baina ya presha na mwendo wa pedeli, na huwezi kuongeza vyote viwili kwa kubadilisha masta peke yake.

Pedeli yako ni 275 kwa 55, yaani mara 5. Tuchukue mguu wa kilo 30, takriban niutoni 300. Kwenye pushirodi zinafika niutoni 1,500, tukiacha kinachopotea kwenye pini na raba. Presha, kwa kipimo cha baa, inakuja hivi:

Inchi 3/4, eneo 285 mm za mraba: baa 52.6
Inchi 13/16, eneo 334.5: baa 44.8
Inchi 7/8, eneo 388: baa 38.7
Inchi 1, eneo 507: baa 29.6

Sasa je, inahitajika presha kiasi gani? Chukua gari yenye watu wawili, kilo 950 hivi, na unataka isimame kwa nguvu ya 0.7 ya uzito wake, ambayo ni breki kali kwenye lami kavu. Matairi ya mbele yabebe asilimia 70 ya kazi. Kwa tairi la nusu kipenyo cha 290 mm, kila diski inatakiwa itoe nguvu ya mzunguko ya niutoni mita 660 hivi. Kwa pistoni yako ya 51.1, pedi iliyo katikati yake 100 mm, na pedi nzuri yenye msuguano wa 0.38, jibu ni baa 42 na nusu.

Angalia tena orodha. Masta ya 7/8 kwa mguu wa kilo 30 inakaribia lakini haifiki, inataka kilo 33. Ya 13/16 inafika na inazidi kidogo. Ya inchi 1 inataka mguu wa kilo 43. Na hapo pedi ni nzuri. Pedi za bei rahisi zenye msuguano wa 0.30 zinataka baa 54 kwa kazi ile ile, na kwa masta ya inchi 1 hiyo ni kilo 54 au 55 za mguu. Kabla ya kununua chochote, tazama kwanza pedi ulizofunga. Kama zimeng'aa usoni au zimeingia mafuta, hakuna masta itakayokusaidia.

Nadhani linalomchanganya fundi wako ni kuwa drami za mbele za Minor zina shuu mbili, zote zikivutwa na mzunguko wa tairi wenyewe, kwa hivyo zinajikaza zenyewe. Diski haijikazi. Kila unachokipata kwenye diski kimetoka mguuni, na ndiyo maana gari iliyokuwa ikisimama vizuri kwa drami inaonekana dhaifu baada ya kuwekewa diski.

PembaDiski
Hesabu ya FundiKwerekwe naikubali. Mimi naongeza la moto wa diski, kwa sababu hilo ni kosa jengine kabisa, na ukibadilisha masta bila ya kulijua utalihamishia kwenye masta mpya.

Mafuta yanayoruka ukifungua niplo ndiyo dalili yenyewe. Masta ya drami ina vali ndogo ndani, mwishoni mwa springi, inayobakiza presha kiasi cha baa 0.7 kwenye paipu baada ya kuachia pedeli. Kwa drami inafaa: inazibana raba za wili silinda zisivute upepo. Baa 0.7 kwenye wili silinda ya 3/4 ni niutoni 20 tu, springi za shuu zinazishinda bila ya tabu. Lakini baa hizo hizo 0.7 kwenye pistoni yako ya 51.1 ni niutoni 143, kama kilo 14 na nusu zinazoibana diski muda wote unapoendesha. Diski haina springi ya kuirudisha pedi. Kinachoirudisha ni ile raba ya mraba ya pistoni inayojipinda kidogo kisha ikajinyoosha, na haina uwezo wa kupambana na kilo 14.

Kwa hiyo vali hiyo haifai kwenye laini ya diski. Ukiitoa ndani ya masta, weka vali ya laini ya baa 0.7 kwenye paipu ya nyuma peke yake, baada ya tii (kiungo kinachogawa paipu za mbele na nyuma), ili drami zisikose haki yao.

Lipo jambo la pili linalosahauliwa na wengi. Masta ya Minor ipo chini. Kama uso wa mafuta kwenye masta uko chini ya kalipa, basi ukishaitoa vali, mafuta yatakuwa yanarudi polepole, pistoni zinarudi nyuma zaidi ya inavyotakiwa, na asubuhi unapiga pedeli mara mbili ndipo ikamate. Chukua mpira wa maji unaoonesha ndani, ule wanaopimia waashi, linganisha uso wa mafuta na sehemu ya juu ya kalipa gari ikiwa imesimama sawa kwenye matairi yake. Kama kalipa iko juu, una njia mbili. Moja ni vali ya baa 0.14 kwenye laini ya mbele. Hiyo inabana diski kwa niutoni 29 tu, haina madhara. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kukipeleka kikopo cha mafuta juu, kwenye ukuta wa injini, na kukiunganisha na masta kwa mpira unaostahimili mafuta ya breki. Hapo hutaki vali ya mbele, na kukagua mafuta hakukulazimishi kunyanyua zulia.

Kabla ya yote hayo hakikisha pushirodi ina uhuru wa kama milimita 1 kabla ya kugusa pistoni. Ikiwa inaisukuma hata kidogo, kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikopo kinazibwa, na dalili zake ni hizo hizo: diski moto, gari nzito. Fungua kikopo, mtu akanyage taratibu. Ukiona mafuta yanafurika kidogo mwanzo wa kukanyaga, kitundu kiko wazi. Hakuna kinachoonekana? Fupisha pushirodi kabla ya kuilaumu vali.

Mtoni65
Shukrani sana wakubwa. Nimekagua: pushirodi ina uhuru, na mafuta yanafurika kwenye kikopo kama ulivyosema. Kwa hiyo ni vali. Na kalipa iko juu ya uso wa mafuta kwa vidole viwili.

Basi nibakie na 7/8 na kuongeza busta, au niende 13/16 ya sakiti mbili? Na hiyo 3/4 yenye baa 52 mbona hamuizungumzii, si ndiyo yenye presha kubwa?

FundiKwerekwe
Ya 3/4 inakushinda kwenye mwendo, si kwenye presha. Tuhesabu mafuta yanayotakiwa. Makisio ya kawaida ni pistoni ya kalipa kwenda nusu milimita mpaka pedi zikaze: hapo kila kalipa inakula sentimita za ujazo 1.03, mbili 2.05. Nyuma, shuu zikiwa zimekazwa vizuri, kila pistoni inakwenda kama milimita 1.2, jumla ya nyuma 1.37. Ongeza 0.5 kwa mipira inayotanuka. Jumla 3.9.

Kwa 7/8 hiyo ni mwendo wa masta wa milimita 10, pedeli sentimita 5. Kwa 13/16 ni 11.7, pedeli karibu 6. Kwa 3/4 ni 13.7, pedeli karibu 7. Mpaka hapo zote zinavumilika. Lakini shuu za nyuma zikilegea, pistoni zake zikawa zinakwenda milimita 3, pedeli ya 13/16 inafika sentimita 9 na ya 3/4 inapita 10. Kwenye Minor, sentimita 10 unakaribia sakafu. Drami za gari hiyo hazijikazi zenyewe, mtu lazima azikaze kwa mkono, na kwa hiyo siku ya kusahau itafika. Ndiyo maana mimi nasema 13/16.

Sakiti mbili ninaiunga mkono kwa sababu moja tu na inatosha: gari ya sakiti moja, mpira mmoja ukipasuka, huna breki hata tairi moja. Hapa kwetu, na chumvi hii ya baharini, paipu za chuma zinaoza ndani ya vishikizo vyake ambako jicho halifiki.

Ila masta ya sakiti mbili ina masharti yake. Nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye gari za busta. Pistoni yake ina shimo tofauti la pushirodi, wala hakuna kinachoizuia pushirodi isichomoke. Tafuta ya gari isiyokuwa na busta, au chonga pushirodi yenye ncha ya duara inayoingia mpaka mwisho wa shimo, na weka kizuizi cha pedeli ili pushirodi isiweze kurudi nyuma ikatoka. Saizi mara nyingi imeandikwa kwenye mwili wa chuma, 13/16 au 7/8. Isipoandikwa pima, 13/16 ni milimita 20.64. Usiamini karatasi ya boksi.

Pima mwendo wote wa masta hiyo kwa bisibisi ikiwa tupu. Ikiwa ni milimita 30, kwa pedeli ya mara 5 inataka nafasi ya sentimita 15 chini ya pedeli. Nafasi hiyo lazima iwepo, kwani sakiti moja ikipotea, pistoni yake inakwenda bure hadi mwisho ndipo ile nyengine ianze kufanya kazi. Pedeli ikigonga sakafu kabla ya hapo, sakiti ya pili uliyoilipia haikusaidii kitu.

Kikopo nacho kiwe kikubwa. Pedi mbili za kalipa zikiisha jumla ya milimita 10, kila kalipa inameza sentimita za ujazo 20 za mafuta, mbili 41. Kikopo cha drami hakikutengenezwa kwa hilo.

Masta ya zamani ukitaka kuitoa, jua kwamba torsheni baa (fimbo ya springi ya mbele) inaziba njia ya bolti. Usiikate bolti wala usiipinde baa. Tumia subira na spana fupi, na ukirudisha chochote pale ingiza bolti kwa upande wa pili.

BintiChake
Naingia kwenye suala la busta. Si baya, lakini lifungwe kwa akili. Busta ya laini ya mara 1.9 inaichukua baa 38.7 yako na kuifanya 73. Ukiifunga kabla ya tii, drami za nyuma nazo zinapata 73, na hapo unatengeneza gari ya kuserereka kwa nyuma. Ukibakia na sakiti moja, ifunge baada ya tii, kwenye laini ya mbele peke yake: mbele inasaidiwa, nyuma inabaki na presha ya mguu. Uvutaji wake uchukuliwe kwenye manifoldi ya kuingiza, na mpira uwe na vali ya njia moja. Na mtu asishuke mteremko injini imezimwa kwa kubania petroli. Huku Pemba, barabara ya Mkoani hadi Chake ina miinuko na miteremko ya kutosha. Ukikanyaga mara mbili tatu injini imezimwa, msaada umekwisha na umebaki na mguu wako.

Mimi nisingeanza na busta. Vali itolewe, pedi nzuri ziwekwe, masta iwe 13/16, kisha gari ipimwe. Kilo 30 za mguu si kazi kubwa kwa mtu mzima.

Linalonishughulisha zaidi ni nyuma. Presha ikipanda kwa asilimia 16 kutoka 7/8 hadi 13/16, imepanda na nyuma vile vile. Kwenye lami kavu ukikanyaga kwa nguvu, uzito unahamia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na yakifunga kabla ya mbele gari inageuka. Kwenye mteremko uzito uko mbele tangu mwanzo. Jaribu mahali peupe pasipokuwa na watu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mtu asimame pembeni atazame tairi gani linafunga kwanza. Yakifunga ya mbele kwanza, acha hivyo hivyo. Yakifunga ya nyuma, punguza wili silinda: ya 11/16 inapunguza nguvu ya nyuma hadi asilimia 84, ya 5/8 hadi asilimia 69. Au weka vali ya kupunguza presha kwenye laini ya nyuma, ile yenye kitasa cha kuzungusha, uanze ikiwa imepunguza sana kisha ufungue kidogo kidogo. Usijaribu asubuhi baada ya usiku wa mvua kabla ya kukanyaga mara kadhaa. Drami zenye kutu nyepesi zinakamata ghafla na zitakupa jibu la uongo.

Mafuta: DOT 4. Kiwango chake cha chini cha kuchemka yakiwa mapya ni nyuzi 230, yakishavuta maji 155. DOT 3 ni 205 na 140. Kwa unyevu wetu wa pwani, badilisha yote kila mwaka, na usitumie kopo lililokaa wazi rafuni. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na hizi. Na mtu yeyote asitie mafuta ya gia au ya haidroliki "kwa leo tu": raba zote zinavimba, masta mpya, kalipa na wili silinda zinakwenda pamoja.

Jengine dogo, lakini la roho za watu. Minor ni nati nne kwa duara la inchi 4, yaani 101.6 mm. Kama habu (vitovu vya matairi) zimebadilishwa pamoja na diski na sasa ni 100 mm, usizilazimishe rimu za zamani. Nati zitakaa upande na zitalegea.

Mtoni65
Habu ni za asili, diski ndiyo imechongwa kuingia. Alhamdulillah.

Nakwenda na 13/16 ya sakiti mbili, kikopo juu, vali ya baa 0.7 laini ya nyuma tu. La mwisho: paipu za Minor zinaingia kwenye masta ya Kijapani moja kwa moja? Na upepo nianze kuutoa wapi?

PembaDiski
Haziingii, na khatari ni kwamba zinaonekana kama zinaingia. Nati za paipu za Minor ni inchi 3/8 zenye meno 24 kwa inchi. Matundu ya masta ya Kijapani ni M10 ya milimita 1. Nati ya 3/8 ni 9.5 mm, inaingia mizunguko kadhaa kwenye tundu la 10 ikiwa imelegea, inakaza kidogo, kisha siku unapokanyaga kwa nguvu meno yanachomoka. Kata ncha ya paipu, visha nati ya M10 ya milimita 1, na tanua upya kwa mkunjo maradufu. Kama unabadilisha paipu zote, tumia za shaba na nikeli za inchi 3/16. Zinakunjika kwa mkono na hazili kutu kama chuma.

Masta mpya itolee upepo kwenye jiliwa kwanza: ifunge sawasawa, vipande viwili vya mpira kutoka kwenye matundu vikirudi ndani ya kikopo, sukuma pistoni taratibu mpaka mapovu yaishe. Ukiifunga kavu, utamaliza makopo mawili ya mafuta na pedeli bado laini.

Kisha anza na tairi lililo mbali zaidi na masta. Kwa gari yetu ya usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kaza shuu za nyuma zishike drami kabla ya kuanza, utazilegeza baadaye. Hivyo pistoni zake hazina nafasi ya kwenda mbali.

Na tazama kalipa zako kabla ya hata kufungua kopo. Niplo ya upepo lazima iwe sehemu ya juu kabisa. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, niplo inakaa chini, upepo unabaki juu ya pistoni, na hautoki hata ukanyage siku nzima. Mtu anaishia kuituhumu masta na kwenda kununua nyengine.